Titulaire Aliyepita Bila Salamu

Usiniulize alizaliwa wapi. Usiniulize baba yake nani, babu yake alitoka mlima gani, wala mama yake alitukana kwa lugha ipi akikasirika. Najua desturi: ukitaka kumsifu mtu kwa maandishi unaanza na ukoo wake, unaupanda mpaka juu kabisa, kisha unashuka pole pole. Sisi wa Bunia tulishashiba maswali hayo. Miaka ile ya vita mtu alikuwa anakusimamisha njiani, bunduki begani, anakuuliza jina lako, la baba yako na la kijiji chenu, na wala hakuwa anatafuta mchumba. Kwa hiyo nitamwita alivyoitwa na mtaa mzima: Titulaire. Ndivyo tunavyomwita muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule anayetia sahihi karatasi zote na kulaumiwa dawa zikiisha.

Mwenyewe akiulizwa kabila alikuwa na jibu moja tu. "Niko wa kabila ya vyoo," alisema. "Unachimbaka choo, tuko ndugu. Hauchimbake, weye ni adui." Siku moja alimjibu hivyo askari kwenye bariere, kizuizi cha njiani, akapigwa kofi. Alirudi kituoni shavu limevimba, akafungua rejista ya wagonjwa na kujiandika: jina, umri, ugonjwa: kofi, dawa: maji baridi. Kisha akaendelea na kazi.

Kituo chetu kilikuwa upande wa mji unaoitwa Shari, vyumba vitatu vya matofali ya udongo na bati lililovuja kwa haki, kila chumba kilipata sehemu yake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambayo haikuwa shule tena, maana madarasani walilala watu waliokimbia kutoka Kpandroma na vijiji vya jirani. Titulaire alisikia kwamba naweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni bila kufungua kitabu, pamoja na Madagaska, akaniita nimsaidie. Aliniita Madame, kama watoto wa darasani, na sikumsikia akiniita jina lingine mpaka leo.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa salamu. Wengine wana tension ya damu, wengine wana pumu, yeye alikuwa na salamu. Hakupita mlango wa mtu bila kusimama na kutaja jina lote la mwenye nyumba, kwa sauti ya mtu anayeita wagonjwa kwenye mstari: lake, la baba na la babu. Baada ya hapo maswali, kwa mpangilio ule ule kila siku ya Mungu. Mulilala aje? Tumbo iko aje? Maji munachotaka wapi? Na mwisho kabisa, hata kama uko na wageni wenye heshima wamekaa wanakunywa chai: "Na choo iko aje?"

Mama yangu mzazi, aliyekuwa anauza sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, alikuwa na jibu lake tayari. "Choo iko muzuri kuliko yako!" alipiga kelele bila kuacha kutwanga. Titulaire alicheka kama ndiyo mara ya kwanza kulisikia, na alilisikia kila asubuhi kwa miaka.

Ugonjwa wa pili ulikuwa kupotea. Mtu huyu, ndugu yangu, aliyekuja kutuchoresha ramani, alikuwa hawezi kutoka kituoni kwenda kwake bila kupotea. Hatua mia tatu! Akifika kwenye njia panda anasimama, anatazama kulia, anatazama kushoto, anachagua kwa ujasiri kabisa, na anakosea. Wamama walikuwa wanaelekezana: "Titulaire amepita uku tena. Mumurudishe." Mke wake alizoea chakula kupoa. Watu wengine walisema anajifanya, apate kusalimu nyumba zaidi. Mimi niliwahi kumwona amesimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe akimuuliza jirani nyumba ya Titulaire iko wapi, kwa hiyo sikubishana nao.

Na usafi? Alihubiri kunawa mikono kuliko katekista alivyohubiri dhambi. Lakini kikombe chake cha kahawa hakikuwahi kuoshwa. Ndani kilikuwa cheusi kama chungu cha maharagi. Nikimwambia, alijibu: "Kikombe iko na kinga yake, Madame. Ukikiosha unakiambukiza."

Basi ramani. Kabla mji haujaharibika kabisa alikuja mtaalamu mmoja kutoka mbali, kijana mwenye viatu vya kupanda milima, ingawa tangu uwanja wa ndege mpaka kwetu hakuna mlima. Alitufundisha kwa siku mbili jambo aliloliita karte partisipative. Maana yake, wenye mtaa wenyewe ndio wachore mtaa wao na kuonyesha ugonjwa unapotoka, kwa sababu wao ndio wanaoujua. Hilo sisi tulilijua, ila hatukujua kwamba linahitaji semina. Alituachia kitabu na boksi la maka, kalamu za wino mzito, ambazo zote zilikuwa zimekauka isipokuwa ya kijani, akapanda ndege ndogo na kwenda zake. Bunduki zikalia wiki ile ile. Alikuwa na bahati na saa, yule kijana.

Kisha ikaja kolera. Watu wamejaa, maji machache, vyoo vichache zaidi. Haikuhitaji kutafuta njia. Titulaire akaita mtaa mzima kwenye kiwanja cha kituo. Barabara zilichorwa kwa majivu, nyumba kwa vipande vya makaa, chemchemi kwa vifuniko vya soda. Harage jekundu lilikuwa mgonjwa. Harage jeupe lilikuwa aliyekufa.

Wanaume wakaanza, maana ndiyo heshima. Walichora kanisa, baa tatu, nyumba ya chefu wa mtaa na uwanja wa mpira. Wakasimama, wakajipongeza. Chemchemi wamezisahau.

"Na maji munakunywaka inatoka wapi?" mama yangu akauliza. "Ku baa?"

Wanawake wakaifuta kazi yote kwa miguu na kuanza upya. Wakaweka chemchemi tano, njia zote, za mkato nazo, ndani ya mashamba ya muhogo, na mbwa mkali wa nani yuko wapi. Halafu kila mmoja akaweka maharagi yake mbele ya nyumba yake. Mama mmoja aliweka meupe matatu, akabaki amechuchumaa pale pale, na hakuna aliyemwambia asimame. Tulipotazama, maharagi yalikuwa yamekusanyika upande mmoja, nyuma ya kanisa, kwenye chemchemi ambayo wote tuliiona ndiyo safi kuliko zote, kwa kuwa Padri aliibariki.

Katekista akakasirika. "Maji ya baraka haina kolera!"

"Baraka iko juu, Katekista, ni kweli," Titulaire akamjibu. "Lakini choo yako njo iko juu zaidi."

Na kweli choo cha Katekista kilikuwa kwenye kilima, juu kidogo ya chemchemi. Kilifukiwa siku ile ile, Katekista mwenyewe akishika koleo na kunung'unika. Chemchemi ikafungwa. Baada ya wiki chache vitanda vikawa wazi, na Titulaire akawa anasalimu watu kwa sauti kubwa zaidi, jambo ambalo hatukudhani linawezekana.

Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye akili. Lakini ilibidi ramani ile ihamie kwenye karatasi, kabla ya mvua. Kitabu cha mtaalamu kilisema nyumba zipewe namba. Watu wakakataa. "Namba ni ya mufungwa," walisema. Halafu ikapita habari, sijui nani aliianzisha, kwamba asiyeandikwa kwenye karte hatapata sabuni wala bidon, dumu la maji. Ee Mungu wangu! Walikuja kama wamealikwa harusi. Walisukumana. Mzee mmoja aliandikisha nyumba mbili, na ya pili ilikuwa ya mbuzi. Titulaire alikuwa na sheria moja: "Karte ni ya wenye nyumba. Mwenye nyumba njo anasema iandikwe aje."

Mama yangu alikuja na mchi wake mkononi. Jirani yake alikuwa ameandikwa jina moja. Yeye akataka matatu: lake, la baba yake na la babu yake, na herufi ziwe kubwa kuliko za jirani. "Uandike vizuri," akaniambia, mimi niliyesomeshwa na sombe yake. "Mutu apite uko asome ajue ni kwa nani." Wengine kuona hivyo, nao wakataka baba na babu. Nikaandika yote kwa maka ya kijani, mwandiko wa ubaoni. Ilipendeza. Tukaitundika ukutani, tukaisimamia kama watu waliojenga daraja. Katika mji ambao jina la babu yako lilitosha kukuua, mimi na diploma yangu, Titulaire na miaka yake ya kazi, tulikuwa tumeandika mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, babu kwa babu, na njia za kufika. Hakuna aliyelifikiria. Hata mimi. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Mji ukabadilisha wenye bunduki tena. Hawa wapya walikuwa wageni, hawakutujua, na mtaa wetu ulikuwa mchanganyiko: huyu wa huku, huyu wa kule, na wote tunaongea Kiswahili kimoja kibovu. Komanda wao akaja kituoni siku ya lundi, yaani Jumatatu, mtu mpole, mwenye saa nzuri. Titulaire akampa kahawa katika kikombe kile. Aliinywa. Nilimwangalia na kusubiri, na kikombe hakikufanya kazi yoyote.

"Muko na karte, nasikia," Komanda akasema. "Iko na majina ya watu yote. Naitaka, juu ya usalama."

Ramani ilikuwa kwangu, nimeipeleka kubandika kona iliyolowana. Na Titulaire, ambaye hakujua kudanganya hata mtoto anayengoja sindano, akasema: "Iko kwa Madame. Lakini iko ya watu. Siwezi kuitoa bila mukutano. Njo règlement, njo sheria."

Komanda akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Fanya mukutano yako. Mercredi nakuja." Yaani Jumatano.

Nilimwambia Titulaire tuichome mara moja. Nilimlilia. Alikataa. "Si yangu, Madame, si yako. Tukiichoma atasema Titulaire na Madame wanaficha watu, na ataanza kupiga mulango moja moja. Wenye waliingia kwa mukono yao, batoke kwa mukono yao." Vita mlangoni, na mtu anafikiria utaratibu! Nilimchukia siku ile, nasema kweli.

Jumanne ilikuwa siku ya kilo, siku ya kupima watoto, kwa hiyo hakuna askari aliyeshangaa kuona wanawake mia kwenye mstari. Kila mmoja alimweka mtoto kwenye mzani, kisha akaingia ndani, akainama juu ya meza na kutafuta nyumba yake. Mimi nilileta wembe. Sisi walimu tukikosea kwenye bulletin ya mwanafunzi tunakwangua wino kwa wembe, haionekani. Lakini maka si wino. Ilikuwa imelowa mpaka upande wa pili. Ukikwangua jina, unatoboa karatasi. Basi tukatoboa. Watu wale wale waliosukumana kuingia, wakasukumana kutoka. "Unifute miye mbele!" "Fuata mustari, mama, ulichelewaka na kuandikwa!" Kwa waliokwisha kukimbia, Titulaire alitaka majirani wawili wakubaliane. Mzee wa mbuzi alikuja akafuta nyumba zote mbili. Sijaona tena mkutano wenye partisipasyo kama ule, na mtaalamu wetu hakuwepo kuupiga picha.

Mama yangu hakuja.

Nilikimbia nyumbani, nikamkuta anatwanga. "Nilipigana juu ya ile nafasi," akasema. "Siwezi kutoka sababu ya mutoto wa mutu mwenye saa."

"Mama, watakuja kukuua."

"Baende kwanza waulize choo iko wapi."

Nikarudi kwa Titulaire, nikamwambia nipe wembe, nimfute mimi, ni mama yangu. Akaikunja ramani na kuikalia. Naam, aliikalia. "Mwenye nyumba, Madame." Nikamwita majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

Mama alifika saa kumi, kilo imekwisha, mchi begani. Hakumsalimu mtu. Akachukua wembe na kukata, hakukwangua, alikata, mpaka kitambaa cha meza kikapasuka. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko yote na tundu lake likawa kubwa kuliko yote. Akatutazama. "Sasa mumefurahi," akasema, akaenda zake.

Mercredi Komanda alikunjua karatasi akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa kama chujio. Akamtazama Titulaire kupitia tundu mojawapo, kwa jicho moja.

"Nini hii?"

"Ni karte. Watu walitoa majina yao. Njo mukutano uliamua."

Askari mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Komanda akaitupa ramani chini. "Basi weye njo karte," akamwambia. "Unawajua wote. Tembea. Kila mulango utaniambia ni wa nani."

Akatembea, na wao nyuma. Walizunguka tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Aliwapeleka kwenye chemchemi zote tano. Aliwapeleka kwenye choo kilichofukiwa cha Katekista. Kwenye kila njia panda alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akachagua kwa ujasiri. Wakimuuliza "Uyu ni nani?" alijibu, "Iko kama nimepotea." Na kwa mara ya kwanza tangu tumjue, alipita kila mlango kimya. Hakutaja jina la mtu. Watu walipoona Titulaire anapita bila salamu walielewa upesi kuliko wangepigiwa kengele. Wakati yeye anazunguka mbele, mtaa ulikuwa unatoka nyuma, kwa zile njia za mkato za ndani ya muhogo, watoto migongoni.

Isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa na sombe haijaiva. Walimpita mara ya kwanza, kimya. Walimpita mara ya pili. Mara ya tatu mama yangu akasimama mlangoni.

"Titulaire! Mara tatu unapita bila salamu? Nimekukosea nini?"

Askari akamshika Titulaire bega. "Unamujua uyu mama?"

"Apana," akasema. "Simujue. Anachanganya mutu."

"Na weye, mama? Unamujua?"

Mama, hasira imempanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, akajibu: "Nilizania namujua. Kumbe simujue ata kidogo."

Ilikuwa kweli tupu, wakamwamini, wakapita. Askari walichoka huko mwisho wa mtaa, kwenye majimaji. Walimpiga Titulaire kitako cha bunduki kwenye sikio, wakachukua viatu vyake, wakamwacha. Wamama waliobaki walimkuta amekaa kwenye jiwe, anatoka damu, anauliza nyumba ya Titulaire iko wapi.

Aliondoka mjini wiki ile. Sisi pia tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena, kama kila mtu. Ramani niliiokota sakafuni, nikaitandika chini ya godoro. Mama aliishi miaka mingi baadaye, na nilimweleza mara mia kwa nini Titulaire alimpita kimya. Alielewa, hakuwa mjinga. "Najua alinisaidia," alisema. "Lakini alinikana mbele ya watu, na salamu yangu sijapata." Alifariki kwa tension, kitandani kwake, huku bado anamdai salamu.

Mwaka mmoja baada ya kumzika nilisikia kwamba Titulaire yuko Mahagi, kwa binti yake. Nikapanda lori la maharagi, na ramani ndani ya kitenge. Nilimkuta ukumbini, macho yameota ukungu, sikio moja limekufa, kikombe mbele yake. Sikukichungulia ndani. Binti yake alilalamika kwamba anapotea kati ya kiti na kitanda.

"Madame," akasema niliposalimu. Sauti tu ilimtosha.

Nikamwekea ramani mapajani. Akaipapasa na kutabasamu, kisha akaweka kidole kwenye tundu la kona ya juu na kutaja jina: la mtu, la baba, la babu. Akahamia la pili. La tatu. Mstari mzima, mtaa mzima, mpaka nyumba ya mbuzi, bila kukosea hata moja. Mimi niliyeyaandika kwa mkono wangu nilikuwa nimesahau nusu. Nikakaa chini. Siku ile majina hayo yote alikuwa nayo kichwani, kila mlango, bunduki zikimwelekea mgongoni.

Kidole kikafika kwenye tundu kubwa. Kikazunguka kingo zake.

"Mama yako iko?"

"Alishatuacha, Titulaire."

Halafu akajinyoosha kitini, na kwa ile sauti yake ya kuita wagonjwa akataja jina lake lote, matatu, mpaka kuku wa binti yake wakakimbia. Majina siyaandiki hapa. Nilishaandika ya kutosha.

"Jambo sana, mama. Mulilala aje? Tumbo iko aje? Maji munachotaka wapi?" Kila swali alilipa nafasi yake, kichwa ameinamisha upande wa sikio zima. "Na choo iko aje?"

Akasubiri. Nilikuwa nalia, na mtu hawezi kuachwa na salamu mkononi.

"Choo iko muzuri kuliko yako," nikamjibu.

Titulaire akacheka kama ndiyo mara ya kwanza kulisikia.